Usinunue pesari kwa kukisia saizi

Dada, pole. Umesema kizazi kimeshuka tangu ujifungue, na unataka kuagiza pesari ya pete (kifaa cha mviringo kinachowekwa ukeni ili kushikilia kizazi) mtandaoni kwa kukisia saizi. Subiri kwanza. Daktari au mkunga mzoefu hupima kwa vidole, anakuwekea ya kujaribu, kisha unatembea, unachuchumaa, unakohoa na kwenda haja ndogo kabla hujaondoka. Ikikaa sawasawa hutaihisi kabisa. Ikichomoka unapojikamua chooni, huenda ni ndogo. Ikikubana au mkojo ukigoma kutoka, huenda ni kubwa. Wengi hujaribu zaidi ya moja, wala si ajabu.

Ukishajua saizi, nunua ya silikoni ya kitabibu. Nawa mikono, ikunje katikati, paka kilainishi cha maji, isukume ndani kuelekea mgongoni. Kuitoa, pitisha kidole ukingoni uvute taratibu. Ioshe kwa sabuni isiyo na manukato. (Tendo la ndoa? Kwa pete kwa kawaida inawezekana. Ya mchemraba itoe kwanza.)

Ukiona damu, uchafu unaonuka, maumivu au mkojo kuziba, nenda hospitali siku hiyohiyo. Na usiisahau humo bila kuchunguzwa, inaweza kuchimba vidonda.