Unataka kusoma ubongo kwa zebrafishi? Mjue kwanza samaki mzima

Vijana wanaotaka kuingia kwenye utafiti wa ubongo huniuliza sana waanze na teknolojia gani, CRISPR (ile ya kuhariri jeni) au hadubini za leza au kuandika kodi za kompyuta, na jibu langu ni moja tu, anza na zebrafishi ambaye hujamfanyia kitu chochote, mwangalie mpaka umjue. Hii kazi nimeifanya miaka mingi na bado naamini hapo ndipo watafiti wanapoachana.

Huyu samaki mdogo mwenye mistari anakupa kitu ambacho panya hakupi. Mayai yanarutubishwa nje ya mwili wa mama, kiinitete kinaonyesha ndani kama kioo, kwa hiyo unaiona seli ya neva ikirefusha aksoni, yaani ule uzi wake wa kupelekea ishara, kuutafuta msuli na seli yenyewe iko hai. Kama saa 24 hivi baada ya kurutubishwa moyo unadunda na mkia unajikunjakunja, siku ya tano lava, yaani samaki mchanga, anaogelea na kufukuza chakula. Mi mpaka leo sijachoka kuangalia.

Sasa kwenye hiyo kasi ndipo penye mtego. Ratiba ya ukuaji tunayoitumia imepangwa kwa joto la nyuzi 28.5, ukiviacha viinitete mezani kwenye ubaridi au ukivirundika vingi kwenye sahani moja vinachelewa. Basi mwanafunzi anaharibu jeni fulani, anakuta aksoni fupi, anaandika kwamba jeni hiyo inaongoza ukuaji wa aksoni, kumbe samaki kachelewa mwili mzima na aksoni zake ziko sawa kabisa kwa hatua aliyofikia! Usitegemee saa ya ukutani peke yake, angalia macho, rangi ya ngozi, kichwa kimenyooka kiasi gani, linganisha na hatua za ukuaji wa zebrafishi walizozieleza watafiti Kimmel na wenzake mwaka 1995, halafu weka pembeni ndugu zake wa utagaji uleule waliokaa inkyubeta ileile. Bila hao ndugu mi hata grafu yako siiangalii.

Na umguse. Kuanzia siku ya pili ukimgusa kidogo anakimbia, na mbio hizo kwa sehemu kubwa zinaanzishwa na seli mbili kubwa za neva ziitwazo Mauthner, zilizo sehemu ya nyuma ya ubongo, moja kila upande, aksoni ya kila moja inavuka upande wa pili na kushuka mpaka kwenye mkia. Ni wanyama wachache sana wenye uti wa mgongo ambao unaweza kuunganisha seli moja unayoiona na tendo unaloliona, ndo maana nawaambia wanaoanza waanzie hapo.

Fani yenyewe imejengwa hivyo. George Streisinger alimfanya huyu samaki awe mnyama wa kufanyia utafiti wa jenetiki kule Oregon, Marekani, makala yake kubwa ilitoka 1981, halafu timu za Tübingen na Boston zikakagua samaki wengi mno mmoja mmoja kutafuta wenye kasoro za jeni, na matokeo yao yakatoka pamoja Desemba 1996. Walikagua kwa macho jamani, na kwa kuwagusa waone nani hakimbii.

Kuhusu kuharibu jeni, kuwa makini pande zote. Mofolino, yaani molekuli za kuzuia jeni isifanye kazi kwa muda, zilitumika sana miaka ya 2000, baadaye samaki waliobadilishwa jeni moja kwa moja wakawa mara nyingi hawaonyeshi kasoro zilezile, maana mofolino inaweza kuua seli za neva kwa sumu yake tu. Lakini na samaki wa CRISPR akionekana mzima usiseme haraka jeni haina kazi, samaki hawa wana jeni nyingi zenye nakala mbili na wakati mwingine jeni nyingine inayofanana nayo inaongeza kazi kufidia. Irudishe ile jeni uone kama kasoro inapona, hicho ndo kipimo ninachokiamini.

Mengine ni mipango. Kizazi kimoja kinachukua kama miezi mitatu, ukoo mpya wa samaki waliobadilishwa jeni unahitaji vizazi kadhaa, kwa hiyo anza kuutengeneza mwaka wa kwanza wa PhD na uwe na swali la pili linalotumia samaki waliopo tayari. Kodi jifunze pia, kwa sababu lava ana nyuroni (seli za neva) kama 100,000 na tangu 2013 watu wanarekodi shughuli za karibu ubongo wake wote kwa mpigo, hizo data huzimalizi kwa mkono.

Na ukienda kuchagua maabara, kabla ya habari za machapisho uliza nani anawalisha samaki wikendi na sikukuu, na maji yanapimwa mara ngapi. Kama hakuna mtu mwenye jibu la haraka, tafuta maabara nyingine.