Kabla ya kuifungia dawa kwenye vijikapsuli, ijue kwanza

Vijikapsuli vyangu vya kwanza, yaani chembe ndogo mno za kubeba dawa na kuitoa polepole mwilini, vilinifurahisha sana nilipovitazama kwenye hadubini. Vilikuwa mviringo, laini, vinalingana. Nilipovivunja ili nipime dawa iliyomo, sikupata hata sehemu moja ya kumi ya ile niliyotia. Iliyobaki ilikuwa imekimbilia kwenye maji niliyokwisha kuyamwaga.

Nilichagua njia kabla ya kuijua dawa. Nilikuwa nimeyeyusha PLGA, polima (molekuli ndefu kama za plastiki) inayovunjika mwilini, kwenye kiyeyushi kiitwacho diklorometheni, nikatia dawa, nikakoroga yote ndani ya maji yenye PVA, inayozuia vitone visiungane, mpaka vikatokea vitone vidogo. Diklorometheni huchemka kwenye nyuzi 40 hivi, kwa hiyo huruka yenyewe taratibu, na polima ikaganda. Kwa dawa isiyoyeyuka majini, njia hiyo ni nzuri mno. Yangu ilikuwa inayeyuka upesi, na kadiri nilivyokoroga ndivyo ilivyozidi kutoroka.

Dawa ya namna hiyo iyeyushe kwanza kwenye maji kidogo, uyatawanye ndani ya mmumunyo wa polima, ndipo umimine mchanganyiko huo kwenye maji ya nje: maji ndani ya mafuta, mafuta ndani ya maji (mafuta hapa ni ule mmumunyo wa polima). Hatua ya kwanza ifanye kwa kasi na kwenye barafu. Mmumunyo mzito wa polima husaidia, na chumvi kwenye maji ya nje pia hupunguza dawa inayotoroka. Na tafadhali, usimwage maji ya kuoshea. Yapime. Nisingepoteza miezi kama ningeyapima siku ile.

Alijineti, polima itokanayo na mwani, ni ya upole zaidi: unaidondosha kwenye kalsiamu kloraidi, inaganda papo hapo bila kiyeyushi chenye sumu. Naipenda kwa protini, lakini matundu yake ni makubwa, na molekuli ndogo hupenya humo kirahisi.

Jambo linaloniumiza nikilisoma kwenye ripoti za wanafunzi ni jedwali la utoaji wa dawa linaloanza siku ya pili. Saa za mwanzo ndizo za hatari. Dawa iliyoganda juu ya ganda, au iliyo karibu na matundu, humwagika yote kwa pamoja, na kama kipimo kinachotibu kiko karibu na kinachodhuru, mgonjwa ndiye anayeumia. Chukua sampuli baada ya dakika 30, saa 1, saa 2, saa 4, ndipo uende kwenye siku. Bafa, yaani kimiminika kinachoshikilia pH ambamo unavitia vijikapsuli, iwe na pH 7.4 na joto la nyuzi 37, tena iwe ya kutosha ili dawa iliyotoka isiijaze hadi ishindwe kuyeyusha nyingine.

Muda wa utoaji unaweza kuupanga kwa kuchagua polima. PLGA ya 50:50 (sehemu za laktiki kwa za glikoliki) huvunjika mapema kuliko ya 75:25, nayo huishia kuwa asidi ya laktiki na ya glikoliki, ambazo mwili unazimudu. Chembe za polima ya aina hii ndizo zilizobeba leuprolide, dawa ya saratani ya tezi dume, ya kudungwa mara moja kwa mwezi, iliyoidhinishwa Marekani mwaka 1989. Ila asidi hizo hujikusanya ndani ya chembe kabla hazijatoka, na protini nyingi haziwezi kuzistahimili. Ukiwa na protini, ipime kama bado inafanya kazi, si kama ipo tu.

Ukishakausha, pima na diklorometheni iliyosalia. Kiwango kinachokubalika kwa dawa ni sehemu 600 kwa milioni.