Mpe hela mkononi, kisha jisogeze pembeni

Mwaka jana nilimnunulia kijana wangu shati jeupe lenye mistari myembamba ya bluu. Nililichagua mwenyewe, dukani, nikiwa na furaha zangu. Alisema, "Asante mama," akalikunja vizuri, akaliweka kabatini, na humo likakaa mpaka likambana mabega. Elfu kumi na nane yangu ikaishia hivyo.

Ana miaka 15. Suruali aliyoanza nayo muhula, mwisho wa muhula inamwishia juu ya kifundo, wenzake wanamuuliza anavuka mto gani. Kwa hiyo nguo lazima zinunuliwe. Kilichobadilika ni nani anachagua.

Siku hizi tunaanza na kabati. Anamwaga kila kitu kitandani, anajaribu, zisizomtosha zinakwenda kwa mdogo wake. Ndipo tunajua tunahitaji suruali mbili na si tisheti ya tisa. Halafu nampa hela mkononi. Safari iliyopita ilikuwa elfu hamsini, na nilimwambia zikiisha zimeisha. Zamani, hela ikiwa kwenye pochi yangu, kila kitu alikiona cha bei rahisi. Sasa anashika jinzi ya elfu kumi na tano, anaiangalia, anairudisha.

Tunakwenda soko la Sabasaba asubuhi, kabla jua la Dodoma halijachachamaa na kabla wajanja hawajamaliza nguo nzuri. Mara ya kwanza nilikaa naye kila meza: kuuliza bei mimi, kujibu mimi. Muuzaji akiona mama na pochi, bei inapanda hapohapo, na mtoto anaona aibu kujaribu kitu mbele yako. Sasa ninakwenda upande wa nyanya. Akinihitaji anajua nilipo.

Lakini kabla sijamwachia, nilimfundisha kukagua. Suruali igeuze ndani nje, inyanyue juani, tazama katikati ya mapaja. Hapo ndipo jinzi za mtumba huisha kwanza, na ukiona mwanga unapita, iache hata kama wanakupa bure. Zipu ipandishe na kuishusha mara tatu. Shati linuse kwapani. Kama huna pa kujaribia, funga kifungo cha suruali, zungusha kiuno chake shingoni mwako. Ncha zikikutana nyuma, aghalabu itakukaa. Wengine huvaa pensi nyepesi chini, wakajaribia papo hapo. Kwa mtoto anayerefuka, tazama na pindo: likiwa limekunjwa pana kwa ndani, fundi cherehani atalishusha baadaye. Kiuno fundi anapunguza kirahisi. Mabega ya koti ni kazi nyingine, msijidanganye.

Ninayokataa ni mawili tu. Nguo za ndani za mtumba hapana. TBS, shirika la viwango, imezipiga marufuku, ingawa utazikuta zimepangwa mezani kama kawaida. Hizo tunanunua mpya. La pili ni suruali ya kuning'inia makalioni. Mabwanga anayoyapenda sasa, yale mapana kama ya marehemu babu yake, mimi siyapendi hata kidogo, lakini anayevaa ni yeye.

Sweta lilituletea ugomvi mrefu. Asubuhi za Juni na Julai hapa zina upepo unaopenya mifupa, na yeye sweta anasema ni la wazee. Tulikubaliana hudi, ile yenye kofia. Kumbe tatizo lilikuwa kola.

Na kuna raba nyeupe. Nilimwambia mara moja tu, "Baba, hili vumbi letu unalijua." Akazinunua, elfu ishirini nzima, karibu nusu ya hela yake. Nikanyamaza, na kunyamaza kule kuliniuma. Kila Jumapili jioni namkuta uani na mswaki wa zamani na povu la sabuni, anasugua soli. Juzi alimaliza, akazianika, kisha akaniuliza kama raba nyeusi pale Sabasaba zinaanzia shilingi ngapi.