Barua kwa mwanangu: boycott sio mgomo

Mama, habari za Dodoma. Meseji yako nimeiona, unauliza kwenye ripoti ya Kiingereza uandike staff wame-strike au wame-boycott, maana kazini walikuja kama kawaida ila kikao cha meneja hakuna aliyetia mguu. Nimeona nikuandikie maana kwenye simu utasema "sawa baba" halafu unakata.

Hilo neno ni jina la mtu kabisa. Charles Boycott, Mwingereza, alikuwa anamsimamia tajiri mmoja, Lord Erne, mashamba yake huko Mayo, Ireland. 1879 mavuno yalikuwa mabaya, wakulima wakaomba wapunguziwe kodi ya kupanga mashamba, hawakuelewana, na Septemba 1880 Boycott akaanza kuwapelekea hati za kuwafukuza. Sasa mwezi huohuo, Parnell, mwanasiasa wao, alishawahutubia watu pale Ennis kwamba atakayechukua shamba la aliyefukuzwa msimguse, mtengeni tu kama mwenye ukoma. Basi dawa hiyo Boycott ndo akanyweshwa. Vibarua wakaacha shamba, dukani hauziwi kitu, mhunzi hataki kazi yake, hata barua haziletwi. Mazao yakaja kuvunwa na watu kama 50 kutoka Ulster, kaskazini huko, wanalindwa na askari karibu 1,000, hebu piga picha, viazi vinalindwa na jeshi! Ilikadiriwa zimetumika pauni 10,000 hivi kuokoa mazao ya pauni kama 500. Desemba hiyohiyo kaondoka Ireland, jina lake limeshakuwa kitenzi magazetini, Wafaransa nao wakalichukua, Wajerumani vilevile.

Ndo maana mi nasema alichofanyiwa yeye kwa Kiswahili ni kutengwa, ile ya kijijini kwamba hata msiba kwako hawaji. Siku hizi neno limehamia kwenye vitu, bidhaa, mechi, uchaguzi, na hapo sisi tunasema kususia, kama chama cha CUF walivyosusia marudio ya uchaguzi Zanzibar Machi 2016. Sio kususa kule kwako ulivyokuwa mdogo unaikataa sahani peke yako jikoni, bibi yako anakwambia ukisusa wenzio twala (na kweli tulikula). Boycott ni ya watu waliopatana, na wana dai.

Strike ni kugoma, umeacha kazi ya mwajiri. Hao wenzako kazi hawajaacha, wamesusia kikao, kwa hiyo andika *they boycotted the meeting*, t mbili, na usiweke *from* wala *against* katikati, kitenzi kinakamata kitu chenyewe moja kwa moja. Ila hujaniambia, na wewe uliingia kwenye hicho kikao au ulikuwa nje na wenzio?