Jiko gani linafaa chumba chenye ukuta mdogo: jibu kutoka Ngamiani

Ndugu uliyeuliza, umeeleza kwamba katika chumba chako cha kupikia ukuta mmoja umeliwa na mlango wa uani, wa pili una dirisha, wa tatu umechukuliwa na sinki na kabati la vyombo, na kwamba umeshindwa kuchagua kati ya gesi, umeme na mkaa. Ninaishi Ngamiani, hapa Tanga, na chumba chetu cha kupikia ni chembamba kiasi kwamba watu wawili hupishana kwa kugeuka ubavu, kwa hiyo nakujibu kwa yale ninayoyaishi kila siku.

Ushauri wangu wa kwanza ni kwamba, kabla ya kuupima ukuta, uangalie hewa inaingilia wapi na inatokea wapi. Jiko la mkaa halidai ukuta hata kidogo, na ndiyo maana wenye nafasi finyu hulikimbilia, lakini makaa yanapowaka hutoa kaboni monoksaidi, ambayo haina rangi wala harufu na inaweza kumwua mtu asiyejua kinachomsibu. Mahali pake ni uani. Kwetu limebaki huko kwa mapishi yanayolihitaji kweli, kama mkate wa kumimina, unaotaka moto chini na makaa juu ya kifuniko.

Gesi ndiyo inayotupikia chakula kingi, na hapa naomba usome kwa makini. Gesi ya mitungi ni propani na butani, na zote mbili ni nzito kuliko hewa, kwa hiyo ikivuja hushuka na kutanda sakafuni. Dirisha peke yake, hata likiwa kubwa, haliitoi; unahitaji tundu la chini, usawa wa sakafu, linalofungukia nje. Kwa sababu hiyohiyo sikubaliani kabisa na wanaoficha mtungi ndani ya kabati lililofungwa ili kuokoa nafasi. Sisi tuliuweka wa kilo 15 uani, umesimama wima kivulini, na fundi wa gesi akapitisha bomba ukutani, hivyo ndani pamebaki jiko la mezani la sahani mbili tu, ambalo halihitaji ukuta mrefu. Jiko hilo tumelitenga kando ya dirisha, si chini yake, kwa kuwa upepo wa kusi ukivuma huuzima mwali huku gesi ikiendelea kutoka, na pazia nalo huwa karibu mno na moto. Juu yake usipigilie rafu ya mbao.

Umeme una faida moja kubwa kwa mwenye shida kama yako: jiko dogo la sahani moja hutolewa wakati wa kupika, kisha huhifadhiwa, na ukuta unarudi kuwa wako. Kama ni la induksheni, yaani linalopasha sufuria yenyewe kwa nguvu ya sumaku, hakikisha sufuria zako zinashikwa na sumaku kwenye kitako, na kitako kiwe bapa, maana sufuria za alumini tulizozizoea hazitapata moto. Kilo moja ya gesi ina nishati ya takriban uniti 13 za umeme, lakini karibu nusu ya joto la mwali hupita kando ya sufuria, na ndiyo sababu jiko la induksheni linaweza kuifanya kazi hiyohiyo kwa uniti nane hivi. Hata hivyo, kama uko kwenye daraja la matumizi madogo, lile lisilozidi uniti 75 kwa mwezi, kupikia umeme kila kitu kunaweza kukuvusha ukaanza kununua uniti kwa bei ya juu. Soketi ya ampea 13 hubeba takriban wati 3,000, basi usiunganishe jiko na birika la umeme kwenye waya mmoja wa kurefushia.

Kwa chumba ulichokieleza, ningechukua gesi yenye mtungi nje, pamoja na sahani moja ya umeme kwa chai na uji. Hewa yetu ya bahari ina chumvi inayokula chuma upesi, kwa hiyo ikague regulata, kile kifaa cha juu ya mtungi kinachopunguza nguvu ya gesi, mara kwa mara, paka povu la sabuni kwenye maungio kila unapobadilisha mtungi uone kama gesi inavuja, na mpira unaounganisha jiko na bomba ukianza kupasuka au kukakamaa, ubadilishe siku hiyohiyo.