Ukienda Narai, Vaa Soksi Nzima

Kosa langu la kwanza nilipokwenda Narai, mji wa zamani wa wasafiri katika bonde la Kiso nchini Japani, lilikuwa viatu. Nilivaa buti za kamba ndefu kwa sababu nilikusudia kuvuka mlima wa Torii kwa miguu hadi Yabuhara, na nilipofika kwenye nyumba ya kina Nakamura, waliokuwa wafanyabiashara wa vitana vya mbao vilivyopakwa laki, yaani utomvu wa mti unaong'aa ukikauka, niliinama mlangoni nikihangaika na mafundo huku wazee kadhaa wakinisubiri nyuma kwa adabu iliyozidi kunitia haya. Kisha likajitokeza tundu la soksi. Sisi tuliozoea kuvua viatu mlangoni hatuna udhuru. Vaa viatu vya kuchomeka mguu tu, na soksi nzito, kwani mji uko takriban mita 940 juu ya usawa wa bahari na sakafu ya mbao hupoa mno asubuhi.

Narai ni kituo cha 34 kati ya vituo 69 vya mapumziko ya wasafiri kwenye Nakasendo, njia ya milimani iliyounganisha Kyoto na Edo, ambayo ndiyo Tokyo ya leo. Mji wenyewe ni mtaa mmoja wa kilomita moja hivi, na ni rahisi kuumaliza kwa kupiga picha za nje. Usifanye hivyo. Lipa kiingilio, ingia katika nyumba ile ya kina Nakamura, ukae.

Nyumba ilijengwa baada ya moto mkubwa wa 1837. Ni nyembamba mbele, lakini imekwenda ndani sana: ujia wa udongo ulioshindiliwa unatoka barabarani hadi uani, ili kuni na mizigo ipite bila mtu kuvua viatu, na vyumba vimefuatana kando yake, duka likiwa mbele na chumba cha wageni wa heshima nyuma. Ukisimama utaona boriti tu, pengine uigonge kwa paji la uso kama mimi. Ukiketi kwenye mkeka, macho yanakuwa pale fundi alipoyakusudia, na mwanga unaopenya fito za dirisha unakufikia sakafuni.

Nilishangaa utajiri huo ulitoka wapi katika bonde jembamba namna ile. Ulitoka kwenye vitana: atembeaye kwa miguu hawezi kununua kabati, lakini kitana huingia katika mkono wa kimono, vazi pana la Kijapani, na kumfikia mke nyumbani.

Nusura nyumba hiyo ivunjwe na kuhamishiwa makumbusho ya Kawasaki, mji ulio karibu na Tokyo. Wenyeji walishtuka, wakaanza kuutetea mji wao, na mwaka 1978 mtaa mzima ukawekwa chini ya hifadhi.

Ratiba ya treni ipige picha kabla hujatoka kituoni. Treni za kasi kwa kawaida hupita bila kusimama, na za kawaida ni chache. Mimi niliikosa yangu kwa dakika mbili, nikiwa bado nafunga kamba za buti.