Mume wangu na nyimbo zake za Jumapili

*Shangazi, salamu. Nimeolewa miaka tisa, tunaishi Tororo, mume wangu ni ajenti wa kutoa mizigo forodhani Malaba. Kila Jumapili baada ya chakula anachomeka flashi kwenye redio, anasikiliza albamu moja tu ya wale Carpenters, kaka na dada wa Marekani, mwanzo hadi mwisho. Ni nyimbo za kulia tu: mvua, upweke, mpenzi aliyeahidi kurudi. Nikimuuliza, anasema, "Muziki tu huo." Juzi nilimwona macho yamelowa. Wifi yangu naye ulimi ulimponyoka, akasema kabla yangu kulikuwa na msichana aliyehamia Nairobi. Flashi nimeificha kwenye debe la unga, hajui. Je, bado anampenda huyo? Tena mdogo wangu anafunga ndoa Desemba, na mume wangu anataka upigwe wimbo mmoja wa humo.*
*Mwenye Mashaka*

Mwanangu, kwanza itoe hiyo flashi kwenye unga, uifute, uirudishe ulipoikuta. Leo. Mume anayekaa nyumbani Jumapili, wenzake wakiwa baa wanatazama mpira, hafichiwi burudani yake. Akigundua, kesi itakugeukia wewe.

Albamu yenyewe naijua. Ni ile ya 1971 iliyopewa jina la kundi. Wimbo wa mvua na Jumatatu, "Rainy Days and Mondays", ndio unaoifungua, na huyo mpenzi aliyeahidi kurudi yumo kwenye "Superstar". Wewe unaamini mtu hawezi kuzipenda nyimbo hizo bila kidonda moyoni. Basi mtazame aliyeziimba. Karen Carpenter alikuwa na miaka 21 tu, na maneno hakuyatunga yeye. Wimbo wa mvua ni wa Paul Williams na Roger Nichols. "Superstar" ni wa Leon Russell na Bonnie Bramlett, na unamhusu msichana anayemngoja mpiga gitaa aliyepita mjini akaenda zake. Richard, kaka yake Karen, akaupanga muziki, hata akabadilisha neno moja lililokuwa wazi mno kwa redio za wakati ule. Huzuni hiyo ilitoka kwa watu baki, ikapitia kwa kaka, ndipo ikamfikia dada, na bado ukimsikia utaapa ni yake. Kama mwimbaji aliiazima, mumeo naye hawezi kuiazima?

Tena sikiliza anavyoimba. Wengi wakitaka kukuliza hupandisha sauti. Karen hushuka chini kabisa, hana haraka, kila neno linasikika, na humsikii akilia hata kidogo. Ndiyo maana unalia wewe. Zile sauti zinazomwitikia kwa nyuma ni zake na za kaka yake, zimerekodiwa moja juu ya nyingine. Karen alifariki Februari 1983 akiwa na miaka 32, na sisi tunaolijua hilo humwongezea huzuni ambayo siku ya kurekodi haikuwepo.

Na si kweli kwamba ni za kulia tu. Wimbo wa pili, "Saturday", anauimba Richard, nao umechangamka. Nadhani wewe hukimbilia jikoni mapema.

Mtu anashinda Malaba wiki nzima akibishana na madereva wa malori, makaratasi, simu za wenye mizigo. Atalilia wapi? Wanaume wetu wameruhusiwa msibani tu, na hapo pia wanaharakishwa.

Sikufichi, huenda anamkumbuka yule wa Nairobi. Lakini kumkumbuka mtu wa ujanani si kumtaka arudi. Anayemtaka hupokelea simu nje ya nyumba, hela zake hazina maelezo, safari haziishi. Hukunitajia hata moja, nawe si mtu wa kusahau kutaja. Maneno ya wifi mwachie mwenyewe.

Jumapili hii pika chai, ukae naye. Wimbo wa mvua utaanza kwa kinanda cha mdomo, katikati itaingia saksafoni; usiseme neno mpaka wimbo uishe. Kisha usimuulize anamuwaza nani. Muulize alikuwa wapi alipousikia mara ya kwanza, halafu mwache aongee, hata akichukua saa nzima.

Kuhusu harusi, kama ni "Superstar", mkatalie kwa upole. Wapo wanaoupiga keki ikikatwa kwa vile ni wa polepole, bibi harusi anatabasamu huku akiimbiwa habari za mwanamke aliyeachwa kwenye mataa! Mwambie achague "For All We Know". Ni wimbo wa filamu, ulipata tuzo ya Oscar mwaka huohuo wa 1971, na unawahusu wawili wanaoanza maisha huku kila mmoja bado ni mgeni kwa mwenzake. Ila ni mfupi, haufiki dakika tatu, kwa hiyo DJ asiuanzishe kabla maharusi hawajafika mlangoni.